KOMBI YENYE KUCHOKA KU MLIMA: TUTAFUTE KISA MBELE YA KUSHITAKI MUTU



Wengi kati yenu wananiuliza: "Mwalimu, fizika itatusaidia nini, sisi wenye kutaka kuwa wachungaji ao waganga?" Leo nitawajibu kwa habari ya motokari moja. Mukisoma mpaka mwisho, mutaona kwamba habari hii si ya motokari tu.

Mwaka 1985 nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tano. Shule yetu ilikuwa na Volkswagen Kombi moja ya mwaka 1972, ile yenye motere nyuma, yenye kupozwa na upepo bila maji. Ilibeba unga na maharagi ya wanafunzi wa internati, ilibeba wagonjwa, ilibeba kwaya. Tukitoka Uvira kwenda Bukavu, ilikimbia muzuri mu bonde la Ruzizi. Lakini tukianza kupanda Ngomo, nguvu ilipotea. Shofere alikanyaga, motere ikakohoa, kiisha ikazima. Tukingoja dakika 15, iliwaka tena na kupanda kama haikuwa na ugonjwa wowote. Ku garaje, mekanisie aliisikiliza na kusema: "Hii motere haina kitu."

Basi watu wakaanza kusema. Motere ilizima kama ile yenye kukosa esanse, kwa hiyo walisema ya kwamba shofere anaiuzisha njiani. Yeye alijibu: "Miye sikuuzisha hata litri moja." Hakuna aliyemusadiki. Prefe akamusimamisha kazi, na shule ikatoa feza nyingi kununua karabiratere mupya. Siku kumi zikapita. Shofere mwingine akaleta mizigo toka Uvira, na Kombi ikazima pale pale ku Ngomo!

Sasa tutazame namna ya kutafuta ugonjwa wa namna hii, wenye kuja na kwenda.

1. KUULIZA MBELE YA KUFUNGUA

Motere yenye kukosa nguvu siku zote, asubuhi na jioni, ku mlima na mu tambarare, ina visa vyake: supapu zisizopimwa (katika Kombi ya namna ile nafasi yake ni milimetre 0,15 motere ikiwa baridi), ao segima zenye kulika. Mlima nao unapunguza nguvu, kwa sababu juu hewa ni nyepesi. Kwa kila metre 1000 za kupanda, motere ya karabiratere inapoteza karibu sehemu 10 kwa 100 ya nguvu yake. Toka Uvira mpaka Bukavu kuna karibu metre 700. Kombi yenye nguvu za farasi 50 itapoteza farasi 3 na nusu hivi. Itapanda polepole zaidi, lakini haitazima. Basi Ngomo peke yake haikuwa kisa.

Ugonjwa wenye kuja na kwenda unaomba daftari. Andika: Ilizima kiisha dakika ngapi? Motere ilikuwa ya moto ao baridi? Tangi ilikuwa na esanse kiasi gani? Ilipumzika muda gani mbele ya kuwaka tena? Shofere njo mutu anayejua majibu hayo kuliko wote. Kumbe ku shule yetu, njo yeye peke yake ambaye hakuulizwa.

2. MOTO AO NJAA?

Motere yenye kuzima njiani, mara nyingi imekosa moja ya vitu viwili: moto wa umeme, ao chakula chake, ni kusema esanse. Kifo chake hakifanani. Ukizimisha ampuli ya umeme, giza linaingia mara moja. Lakini taa ya petroli yenye kuishiwa na mafuta inafifia, inaruka-ruka, kiisha inakufa. Motere ni vilevile. Ikikatika gafula, kama mutu amegeuza ufunguo, tafuta umeme kwanza. Ikikohoa na kupunguza nguvu kidogo kidogo, tafuta esanse kwanza. Hii ni alama tu, si hukumu. Inabaki kupima.

Pima palepale ilipozima, wakati ugonjwa ungali ndani. Kiisha dakika 15 umekwisha kukimbia, na mekanisie ataona motere nzima.

Umeme. Fanya kazi hii mbele ya kufungua tiyo yoyote ya esanse. Chomeka buji nyingine ku waya, ilaze ku chuma cha motere, shika waya kwa kitambaa kikavu, na mwenzako ageuze demareri. Cheche ya buluu na yenye nguvu ikionekana, umeme unafika. Ikikosekana, kuna watu watatu wa kushitaki. Bobine na kondasatere zinaweza kukataa zikipata moto na kukubali zikipoa. Wa tatu ni ule waya mudogo ndani ya deleko, wenye kufika ku visi-platine. Kila mara shofere anapokanyaga ao kuachilia, sahani ya deleko inageuka kidogo na kuvuta waya ule. Kiisha miaka mingi unakatika ndani ya ngozi yake, na kwa inje unaonekana muzima. Uvute polepole: ukinyoosha kama mupira, umekatika. Pima vilevile nafasi ya visi-platine: milimetre 0,4.

Esanse. Ondoa filtri ya hewa, tazama ndani ya koo la karabiratere, na sukuma kwa mukono kile chuma chenye kuvutwa na akseleratere. Motere isizunguke. Ukiona uzi mwembamba wa esanse unaruka, karabiratere ina chakula. Usipoona kitu, kibakuli chake ni kikavu, na ugonjwa uko nyuma yake: pompi, tiyo, filtri, ao tangi. Karabiratere mupya haitaleta esanse isiyofika kwake.

Angalisho! Esanse na motere ya moto si marafiki. Acha ipoe, usivute tumbaku, na tiyo yenye nyufa ibadilishwe siku ile ile. Kasha la motere ya Kombi limetengenezwa na chuma chepesi chenye manyeziumu. Kikishika moto, ni vigumu sana kukizima, na maji yanauzidisha.

3. KITU KIMOJA KWA MARA MOJA

Ukibadilisha buji, bobine na filtri siku moja, na motere ikapona, hutajua ni kipi kilichoiponyesha. Ukibadilisha kitu bila kupima, unalipa feza ya mashaka tu.

KISA KILIONEKANA NAMNA GANI?

Mwalimu wetu wa fizika aliomba ruhusa kwa Prefe, kiisha akaenda kwa yule shofere nyumbani kwake, akaketi naye na daftari. Shofere akamwambia: "Ikizima, nikingoja kidogo inapona. Mu tambarare, nikienda polepole, haizimi. Ni wakati ninakanyaga kwa muda murefu." Mwalimu akaandika yote.

Kesho yake, motere ikiwa baridi, alitoa tiyo inayoingia mu pompi, akaielekeza ndani ya bido. Esanse ilitoka yenyewe, yenye unene wa penseli. Tulikuwa tunatazama, tukasema: "Iko muzuri." Yeye akasema: "Mungojee." Kiisha litri mbili ikawa nyembamba kama uzi. Kiisha ikawa matone. Akafunga tiyo, tukangoja robo saa, akafungua: penseli tena!

Tukamwanga tangi yote. Ndani tulikuta magamba ya kutu, na matope yenye kutoka mu mapipa ambamo esanse ilikuwa inawekwa. Ku mlima, motere inakunywa mingi, na mvuto ule ulikusanya magamba juu ya kichungi kidogo cha mulango wa tangi. Motere ikizima, mvuto unaisha, magamba yanaanguka chini, na njia inafunguka. Njo maana ilipona yenyewe. Tulisafisha tangi na kichungi, tukatia filtri mupya, na toka siku ile tukachuja esanse kwa kitambaa mbele ya kuimimina. Kombi ilipanda Ngomo bila kusimama. Dawa yake ilikuwa sabuni, maji, siku mbili za kukausha tangi, na filtri moja ya bei ndogo.

Asubuhi iliyofuata, wakati wa ibada, Prefe alisimama mbele yetu wote, akamwita shofere na kumwomba musamaha kwa mudomo wake mwenyewe. Shofere aliinama tu, hakusema neno. Kiisha akaenda kuwasha motere, kwa maana unga wa internati ulikuwa umekwisha.

Ninyi wenye kutaka kuwa wachungaji na waganga, mutakutana na magonjwa mengi yenye kuja na kwenda, katika mwili na kati ya watu. Muulize kwanza yule anayeishi nayo. Mupime wakati ugonjwa uko pale. Na musiseme "ni yeye" mbele ya kufungua tiyo na kungojea litri mbili zipite.

Bwana awabariki katika masomo yenu.

Mwalimu wenu wa fizika