Samaki Mwoga wa Tangi Letu

Wanafunzi wengi wapitao katika chumba cha Sayansi walikuwa wakiniuliza, "Je, tangi hilo lina samaki kweli, au ni mchanga na maganda ya konokono tu?" Swali lao lilikuwa la haki, maana mwanzoni mwa muhula mtu aliweza kusimama mbele ya kioo robo saa nzima asione hata mkia. Sasa samaki wote sita huonekana tangu asubuhi mpaka taa izimwapo. Kwa kuwa mimi ndimi niliyepewa kazi ya kuwatunza, Mhariri ameniomba nieleze jinsi samaki mwoga anavyoweza kufanywa ajione salama.

Kwanza yafaa msomaji awajue samaki wenyewe. Mwalimu wetu wa Bayolojia aliwaleta kutoka upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika. Jina lao la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus, jina refu kuliko samaki mwenyewe, kwani hata dume aliyekomaa hafiki sentimita 5. Ana mistari mingi myembamba ubavuni. Kule ziwani huishi kwa makundi katika maganda matupu ya konokono, ambayo mahali pengine yametandaa chini kwa maelfu. Ndani ya ganda hulala, ndani ya ganda hukimbilia adui akija, na humo humo jike hutaga mayai. Samaki mdogo namna hiyo akiwa mbali na shimo lake huliwa mara moja. Basi woga wake si upumbavu. Ndio uliomweka hai.

Walipofika, tangi lilikuwa na maganda manne tu. Samaki wawili wakubwa waliyashika yote, na wengine wakabanana nyuma ya bomba la chujio, rangi zao zimefifia. Yule mdogo kuliko wote hakula kwa siku tisa, hata tumbo lake likabonyea ndani. Hapo ukazuka ubishi katika Chama cha Sayansi. Siku ya Wazazi ilikuwa karibu, na wenzangu kadhaa wakashauri maganda yatolewe yote, ili samaki wakose pa kujificha, wageni wapate kuwaona. Mimi na mwenzangu mmoja tulipinga kwa nguvu. Mwalimu akatupa wiki mbili tuonyeshe kwamba tuna haki.

Hoja yetu ilikuwa hii. Mtazame pimbi juu ya jabali. Huota jua kutwa nzima bila wasiwasi, kwa sababu ufa wake uko hatua chache tu. Mpeleke uwanjani pasipo jiwe, hatatulia hata kidogo. Samaki ni vivyo hivyo. Ukimnyima maficho hutamfanya shujaa. Atabaki katika hofu mchana na usiku, na hofu ya kudumu hujaza damu yake homoni iitwayo kotisoli, ambayo humpunguzia hamu ya chakula na kuudhoofisha mwili usiweze kupigana na maradhi. Samaki wa namna hiyo wageni wangemwona kweli, lakini huenda wangemwona akielea.

Kwa hiyo tuliongeza maganda badala ya kuyapunguza. Tuliokota ishirini ya konokono wa shambani, tukachagua yale ambayo samaki anaweza kuingia na kugeuka, tukayachemsha, tukayapanga juu ya mchanga laini wa kina cha sentimita 5. (Maganda hutoa chokaa majini. Samaki wengine wangedhurika, lakini maji ya Tanganyika yenyewe ni ya namna hiyo.) Asubuhi yake tulikuta kazi kubwa imefanyika. Kila samaki alikuwa amechagua ganda lake, anachota mchanga kwa mdomo na kuutema nje, mpaka ganda likazama na kubaki mlango tu. Hata yule mdogo alikuwa na mlango wake.

Jambo la pili lilikuwa mahali pa tangi. Lilikuwa karibu na mlango, kidato kizima kikipita mbele yake kila kengele ikilia. Tulilihamishia pembeni, tukabandika karatasi nyeusi nyuma na ubavuni, samaki wabaki na upande mmoja tu wa kuangalia. Anayetaka kuhamisha tangi alipunguze maji kwanza, maana tangi letu lina lita 54, yaani kilo 54 mbali na kioo na mchanga. Samaki wangoje katika ndoo yenye maji yale yale.

Tena tuliandika tangazo: USIGONGE KIOO. Sauti husafiri majini zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na samaki ana mstari wa viungo vya hisia ubavuni unaopokea kila mtikisiko. Taa nayo isiwashwe ghafla gizani, kwa kuwa samaki hana kope za kufumba. Sisi hufungua dirisha kwanza, kisha baada ya nusu saa ndipo tunawasha taa.

Katika chakula, kitu kilichomtoa yule mdogo ni viluwiluwi vya mbu kutoka pipa la maji ya mvua. Chakula kikavu hakikumvuta, lakini kilichochezacheza mbele ya mlango wake kilimshinda. Siku ya sita tangu maganda yaongezwe, alitoka urefu wa kidole, akakamata kimoja, akarudi ndani kama mshale. Kesho yake alitoka zaidi. Tulitia pia samaki watano aina ya gapi, ambao huogelea juu na hupatana na maji ya chokaa. Samaki wa chini waonapo wenzao wakizunguka kwa raha, hujua kwamba hakuna adui.

Lakini si kila samaki ajifichaye ni mwoga. Akivuta pumzi juu ya maji, au akiwa na madoa meupe, au mapezi yamebana mwilini, huyo ni mgonjwa au maji yameharibika, na maganda mia hayatamponya. Sisi hubadili robo ya maji kila wiki, kwa maji ya bomba yaliyolala siku nzima katika ndoo iliyo wazi ili klorini itoke.

Siku ya Wazazi samaki sita walihesabiwa na kila aliyetaka kuhesabu. Juma lililopita niliona kitu kama vumbi kikitikisika mlangoni mwa ganda moja la pembeni: ni watoto, kama saba hivi. Chakula hutolewa saa kumi alasiri. Anayetaka kuwaona aje, asimame hatua moja nyuma ya meza.