Chama Kimoja, Wenyewe Wawili: Tujifunze kwa Mpira wa Kenya



Kuna swali lisilokosekana katika vikundi vyetu, tuwe Likoni, Kisauni au Changamwe. Kikundi kimegawanyika, huku mwenyekiti, kule mwenyekiti, na kila mmoja anasema ati yeye ndiye mwenye kikundi. Je, mwenye haki ni nani? Tumeona heri tujibu kwa mfano wa jambo linalojulikana na wengi: mpira wa miguu.

Yalivyoanza

Kwa miaka mingi mpira wetu ulisimamiwa na chama cha KFF. Migogoro ya uongozi ilifanya FIFA, shirika la mpira la dunia, liifungie Kenya mwaka 2004, kisha tena mwaka 2006. Baadaye kikatokea chombo cha pili, FKL, kikiongozwa na Mohammed Hatimy, ambaye pia anajulikana katika siasa za hapa Mombasa. Upande wa KFF alikuwepo Sam Nyamweya.

Hebu tuangalie hapa kwa makini. KFF iliandikishwa kama chama. FKL iliandikishwa kama kampuni. KFF ilikuwa na cheti chake cha usajili, na FKL ilikuwa imetambuliwa na FIFA. Kila upande ulikuwa na karatasi ya kuonyesha! Ndiyo sababu kesi hazikuisha.

Mambo yalitulia pale pande zote mbili zilipokubali kupiga kura moja, chini ya bodi ya uchaguzi iliyosimama peke yake. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 2011, Nyamweya akachaguliwa, na chama kikawa kimoja: FKF.

Lakini mwaka 2015 mvutano ulirudi kwa sura nyingine. FKF ilitaka ligi kuu ya timu 18, na kampuni ya KPL iliyokuwa ikiendesha ligi ikashikilia timu 16. Basi msimu ukaanza na ligi mbili, kila moja ikijiita ligi kuu.

Nani aliyelipa?

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Novemba 2021 serikali iliivunja FKF na kuweka kamati yake. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Wasichana wetu wa Harambee Starlets walikuwa wakingoja kucheza na Uganda, kutafuta nafasi ya kwenda Kombe la Afrika la wanawake. Mechi haikuchezwa, na Uganda ikapita bila jasho. Harambee Stars nao wakaondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Afrika. Kifungo kiliondolewa Novemba 2022, lakini mechi zilizopotea hazikurudi. Wachezaji hawa hawakuwa na ugomvi na mtu.

Sasa sisi yanatuhusu nini?

Badala ya wachezaji, weka mama aliyeweka akiba miaka mitatu akingoja zamu yake ya mkopo. Viongozi wakigombana, benki haijui imsikilize nani, na pesa zinakwama. Viti na mahema ya kukodisha vinabaki kwa yule aliyekuwa navyo siku ya ugomvi. Kwa hivyo tunashauri mambo manne, yafanywe wakati bado mnaelewana.

1. Daftari la wanachama. Ugomvi mwingi huishia kwenye swali hili: nani ana haki ya kupiga kura? Andikeni majina yote, tarehe ya kujiunga na michango. Lisomwe mbele ya watu kila mwaka, na nakala iwekwe kwa zaidi ya mtu mmoja.

2. Katiba iseme neno la mwisho ni la nani. Neno hilo liwe la mkutano mkuu, si la mwenyekiti wala mfadhili. Itajwe pia idadi ya watu wanaohitajika ili mkutano uwe halali. Cheti kutoka Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ni muhimu, lakini peke yake hakimalizi ugomvi. KFF walikuwa na chao.

3. Msuluhishi aandikwe mapema. Katika michezo, sheria ya mwaka 2013 iliunda baraza maalum la kusikiza mizozo. Vikundi vyetu navyo viandike ndani ya katiba: tukishindwana, tutaenda kwanza kwa nani? Mkingoja mpaka mgombane, hata jina la msuluhishi mtaligombania.

4. Mali isiguswe. Andikeni kwamba mzozo ukitokea, hakuna kutoa pesa, kukopesha wala kuhamisha vitu mpaka mkutano mkuu ukae. Na wakitaka kuachana kwa amani, katiba ieleze hesabu itagawanywa vipi. Kuachana si aibu. Aibu ni kuondoka na jasho la mwenzako.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Leo tukigawanyika, daftari letu liko kwa nani?
- Ni wanachama wangapi kati yetu wameiona katiba kwa macho yao?
- Tukigombana, nani ataumia kwanza, na yeye tumemlinda vipi?

Likisomwa hili mkutanoni, msiondoke kabla ya kujibu swali la kwanza.