Peugeot 504: Injini kwanza, rangi baadaye

Anayetafuta Peugeot 504, gari la Kifaransa lililozinduliwa mwaka 1968, hana budi kuchunguza injini kabla ya kuvutiwa na rangi. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,971 ilitengenezwa kwa namna mbili. Ile ya kabureta ina nguvu pungufu kidogo, lakini fundi wa kawaida huimudu. Nyingine hupelekewa petroli kwa pampu ya Kugelfischer, na ndiyo yenye kasi zaidi. Pampu hiyo ikichakaa, mafundi wanaoijua ni wachache na matengenezo yake yaweza kumeza akiba ya mnunuzi. Kwa safari za kila siku, kabureta ni chaguo salama. Dizeli ya 2,304 hubana matumizi ya mafuta, ila mlimani hudai subira.