HOFU YA KUPIGA SIMU KAZINI NA NAMNA YA KUIKABILI

Katika chama cha msingi simu ni chombo cha kazi kama ulivyo mzani na kitabu cha stakabadhi. Hata hivyo wako makatibu, tena hodari wa hesabu na wa kuandika mihtasari, ambao huona uzito mkubwa kumpigia simu mwenye lori, mnunuzi au ofisi ya Chama Kikuu. Jambo hilo si uvivu. Ni hofu, nayo yafaa ieleweke kabla ya mtu kulaumiwa.

Anayeandika barua huisoma tena na kusahihisha kabla ya kuituma. Simu haitoi nafasi hiyo: jibu hutakiwa papo hapo. Msemaji haoni uso wa mwenzake, hivyo kimya kifupi tu humfanya adhani amekosea. Kuna pia ugumu wa adabu, kwani sauti haionyeshi mvi, na mtu husita kama aamkie kwa shikamoo au aulize habari za kazi. Zaidi ya hayo, katibu hasemi kwa nafsi yake. Idadi ya magunia akishaitamka, ni neno la chama kizima.

Hofu hiyo huwapata hata mashujaa. Mwandishi Mwingereza Robert Graves, aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, alipigwa na umeme kupitia simu vitani, na katika kumbukumbu zake za mwaka 1929 alieleza kwamba kwa miaka mingi baadaye hakuweza kutumia simu ipasavyo.

Hofu hukua kwa kukwepwa. Simu ikiahirishwa, moyo hutulia kwa muda, lakini kesho yake kazi ile ile huwa nzito zaidi. Katibu aliye Peramiho aweza kupanda basi yapata kilomita 24 hadi Songea kuuliza jambo ambalo lingejibiwa kwa dakika mbili. Nauli ni fedha za wanachama, na siku nzima imepotea. Wakati wa msimu hasara huzidi. Mkoani Ruvuma mazao kama ufuta, soya na mbaazi yameuzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani. Mzigo uliokosa kufika ghalani kwa sababu lori halikuitwa hukosa mnada, na mkulima hukaa bila fedha huku ada ya shule ikimngoja.

Dawa yake ni mazoezi ya hatua kwa hatua:

(a) Kabla ya kupiga, katibu aandike jina la chama, jambo moja analotaka, na tarakimu zinazohusika.

(b) Aanze na simu nyepesi, kama ya katibu wa chama jirani, kisha ofisi ya Chama Kikuu, mwishowe mnunuzi.

(c) Apige asubuhi, mahali penye utulivu, wala si mbele ya kundi la wanachama.

(d) Akiwa na shaka juu ya umri wa anayeongea naye, "habari za kazi" inatosha.

(e) Asipokuwa na jibu, aseme waziwazi: "Naomba niangalie kitabuni, nitapiga tena saa nane." Kisha atimize ahadi.

(f) Tarakimu zirudiwe kwa sauti, ziandikwe pamoja na tarehe na jina la msemaji, na zithibitishwe kwa maandishi.

Bodi nazo zina wajibu. Zimweleze katibu mapema mipaka ya anachoweza kukubali, kwa mfano gharama ya juu ya usafiri, ili asiogope kukifunga chama kwa neno lake. Mwenyekiti asimcheke aliyebabaika, bali akae naye katika simu za mwanzo. Na iwapo hofu inamnyima mtu usingizi au kumzuia kufanya kazi kwa majuma mengi, apewe ruhusa aende hospitali, kwani hali hiyo inatibika. Mazoezi haya yafaa yaanze kabla ya msimu wa kupokea mazao, wakati simu za kila siku bado ni chache.