Tairi za Mjomba: Za Mjini au za Mashindano?

Wanachama wenzangu walicheka niliposema kwamba makala yangu mwaka huu ni ya tairi. "Wewe msichana wa Kidato cha Tatu, tairi umezijulia wapi?" Nimezijulia garini mwa mjomba, tena siku ambayo nilidhani ni ya mwisho.

Mjomba anakaa Kangemi na kazi yake iko katikati ya jiji. Ana Subaru Impreza kuukuu anayoipenda kuliko chakula. Siku za wiki huenda nayo kazini kupitia Waiyaki Way. Jumapili moja moja huipeleka kwenye mashindano ya kupanda mlima kama yale ya Kiamburing kule Kiambu, ambapo barabara ya lami hufungwa na magari hupita moja baada ya jingine yakishindana na saa. Gari ni lile lile na tairi ni zile zile. Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Mwishoni mwa Aprili 2024, msomaji utakumbuka mvua zile zilizofurisha Nairobi, mjomba alikuwa akitutoa mjini mimi na binamu yangu wa miaka sita. Tulipokaribia Kangemi maji yalikuwa yametanda barabarani. Hatukuwa tunakimbia. Ghafla usukani ukawa mwepesi kama wa kuchezea, gari likazunguka, tukajikuta tunatazama tulikotoka. Lori lililokuwa nyuma lilisimama hatua chache tu mbele yetu. Hakuna aliyeumia. Binamu yangu hakulia. Alinyamaza mpaka nyumbani, na ndilo lililonitisha zaidi. Mjomba akasema, "Nyanya asisikie haya."

Kumbe gari lilikuwa limeelea. Sehemu ya tairi inayogusa lami ni ndogo sana, kama kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne ndivyo vinavyobeba gari zima na watu wake. Mvua ikinyesha, mifereji iliyochorwa usoni mwa tairi hukusanya maji na kuyatupa kando ili mpira uguse lami. Mifereji ikiwa michache, au ikiwa imelika, maji hukosa pa kwenda, na tairi hupanda juu yake kama mtumbwi. Hapo ukanyage breki, ukate kona, yote ni kazi bure.

Na tairi za mjomba zilikuwa zile ambazo watu wa gereji huziita semisliki: mifereji michache, mpira laini. Kwenye mashindano ni tamu kweli. Mpira laini hung'ang'ania lami, na mifereji ikiwa michache mpira mwingi zaidi hugusa chini. Lakini mpira wa namna hiyo hutaka kupata joto kwanza ndipo ushike. Asubuhi ya baridi ya Julai, kwenye foleni ya Westlands, utapatia wapi joto hilo? Isitoshe, huisha haraka.

Basi likizo ya Aprili 2025 tukashuka Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kutafuta tairi nyingine. Mjomba alikuwa na pesa za tairi mbili. Fundi wake alikuwa amemkataza: Subaru yake huvuta kwa magurudumu yote manne, na mbili zikiwa mpya na mbili zimelika, mizingo yake hutofautiana, na zile gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hufanya kazi bila kupumzika mpaka ziungue. Lazima nne. Mjomba akakopa kwenye chama, na mimi nikajua kwamba safari hii hatuna nafasi ya kukosea.

Duka la kwanza tulipata semisliki nne zinazong'aa, kwa bei ya kutia mate mdomoni. Mjomba macho yakamtoka. Mimi nikainama kusoma ubavuni. (Kusoma tumefundishwa, jamani, tusisome riwaya tu.) Kulikuwa na 205/55 R16 91V. Yaani upana ni milimita 205, kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 16. Namba 91 ina maana kwamba tairi moja hubeba kilo 615, na V ni mwendo wa hadi kilomita 240 kwa saa. Utauliza, V ya nini nchi ambayo gari dogo haliruhusiwi kupita 110? Herufi hiyo huonyesha pia jinsi tairi inavyostahimili joto, na mlimani joto ni jingi.

Lakini kando kidogo kulikuwa na tarakimu nne: 1416. Wiki ya 14, mwaka 2016. Tairi ya miaka tisa! Muuzaji akasema, "Dada, hii haijawahi kukanyaga barabara." Hakusema uongo. Ila mpira hukauka hata ukiwa stoo, na ukikauka huwa mgumu na hupasuka nyufa ndogo ndogo. Mjomba alizishika, akaziachilia, akazishika tena. Nikamwuliza, "Anko, ukizivaa, mimi na binamu tutapanda matatu?" Akanitazama, akatoka dukani bila kusema neno.

Duka la tatu ndipo tulipopata. Tairi za soko la Marekani huandikwa namba ya kulika: 200 ni laini na huisha upesi, 400 na kuendelea hudumu. Kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo usilinganishe kwa imani kamili. Kando yake huwa na herufi ya kusimama kwenye lami iliyolowa, AA ikiwa bora na C ya mwisho. Tulichukua za 300, zenye A, mifereji mirefu, zilizotengenezwa mwaka uliotangulia. Muuzaji alitaka kutuuzia za ubavu mfupi zaidi ili gari lipendeze. Tukakataa. Huyo hajapita Kawangware usiku akakutana na shimo. Ubavu mfupi haukingi rimu.

Juni tulienda mlimani. Kabla ya kuanza, upepo ulikuwa 33 kila tairi. Baada ya kupanda mara mbili geji ilisoma 39, maana hewa ikipata joto hutanuka. Mjomba akapunguza hadi 33 ili tairi zishike vizuri. Hata hivyo alishindwa na saa yake ya zamani, na vijana fulani wakamtania kwamba amekuja na tairi za teksi. Alicheka, ila si sana.

Jioni mawingu yakajikusanya upande wa Limuru. Tairi zilikuwa zimepoa, na geji sasa ilisoma 28. Upepo mdogo hivyo hurahisisha tairi kuelea. Mjomba akatoa pampu kwenye buti, akanipa geji. "Soma wewe," akasema. Nikazunguka magurudumu yote manne, moja moja, mpaka 33. Kisha akamfunga binamu yangu mkanda, tukashika njia ya Wangige.