Akodi pana za piano

Akodi pana za piano ni akodi ambazo nota zake zimeachana kiasi kwamba mkono wa kawaida hauzifikii kwa urahisi, au hauzifikii kabisa. Zinapatikana hasa katika muziki wa Ulaya wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati piano zilipokuwa kubwa na zenye sauti nzito, na watunzi wengi walikuwa wapigaji hodari wa kazi zao wenyewe.

Kipimo cha mkono

Katika piano ya kisasa oktava moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata, ni takriban sentimita 16.5, ikipimwa kutoka katikati ya kibonyezo kimoja hadi katikati ya kingine. Watu wazima wengi huifikia kwa kidole gumba na kidole cha mwisho. Upana wa nota kumi, kutoka do hadi mi ya oktava ya juu, ni kama sentimita 21, na hapo ndipo wengi hukwama. Tena ugumu hauko kwenye ncha mbili tu: vidole vya kati navyo vina nota zao, na mkono ukishatanuka hauna nafasi ya kuvisogeza.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Konserto ya Piano Na. 2 ya Mrusi Sergei Rachmaninoff (1873–1943), iliyotungwa miaka 1900–1901. Mikono yake ilikuwa mikubwa kupita kawaida. Inasemekana aliweza kushika nota kumi na mbili kwa mkono mmoja. Konserto hiyo huanza na piano peke yake, ikipiga akodi zinazoongezeka sauti kama kengele inayokaribia, na mkono wa kushoto unatakiwa kushika nota kumi. Wapigaji wengi huzivunja: hupiga nota za chini kwanza, kisha zilizobaki upesi, huku pedali ya kulia ikizishikilia zile za kwanza zisizimike. Si jambo la kuonea aibu, ingawa lile pigo moja la kengele hupungua.

Hata hivyo, si kila muziki mpana unadai mkono mkubwa. Frédéric Chopin (1810–1849) hakuwa na mikono mikubwa, lakini katika Etyudi Op. 10 Na. 1 mkono wa kulia hupanda na kushuka kwa nota zilizoachana mno. Nota hizo hupigwa moja baada ya nyingine, hivyo kiganja husafiri nazo. Mwanafunzi anayekaza mkono ukiwa umetanuliwa tangu mwanzo huchoka kabla ya ukurasa wa pili. Katika Na. 11 ya mkusanyo huohuo, akodi huvunjwa kwa mikono yote miwili, mithili ya kinubi.

Mmarekani Charles Ives alikwenda mbali zaidi: katika Sonata ya Concord kuna akodi inayopigwa kwa kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita 37 hivi.

Madhara na njia nyingine

Kulazimisha mkono kuna hatari. Mjerumani Robert Schumann (1810–1856) alipoteza uwezo wa kidole cha mkono wa kulia akiwa kijana, akaacha nia ya kuwa mpigaji. Alikuwa ametumia kifaa cha kufanyizia vidole mazoezi, ila wataalamu hawakubaliani kama ndicho kilichomdhuru. Maumivu ya kiganja au kifundo yanamtaka mpigaji apumzike, si aongeze bidii.

Mhispania Alicia de Larrocha (1923–2009), aliyekuwa mfupi na mwenye mikono midogo, alirekodi hata Konserto Na. 3 ya Rachmaninoff. Josef Hofmann (1876–1957) alitengenezewa na kampuni ya Steinway piano zenye vibonyezo vyembamba kidogo. Siku hizi zipo pia safu za vibonyezo zenye oktava ya sentimita 14 au 15.2, ambazo huwafaa wanawake wengi, kwa kuwa kwa wastani mikono yao ni midogo kuliko ya wanaume. Tatizo ni kwamba piano zinazowasubiri katika kumbi za maonyesho karibu zote ni za kipimo cha kawaida.