Kanada Ilivyosikika Vibaya: Dhana Potofu Kuhusu Usemi na Maisha ya Wakanada

Mnamo mwaka 1535, baharia Mfaransa Jacques Cartier aliongozwa na vijana wawili wenyeji wa bonde la mto St. Lawrence kuelekea Stadacona, palipo leo mji wa Quebec. Vijana hao walipataja mahali hapo kwa neno 'kanata', ambalo katika lugha yao lilimaanisha kijiji. Cartier akalichukua kuwa jina la eneo zima, na wachora ramani wakamfuata. Hivi ndivyo nchi ya pili kwa ukubwa duniani ilivyopata kuitwa kijiji. (Mkenya asicheke sana: Krapf naye aliliandika jina la mlima kama alivyolisikia kwa Wakamba mwaka 1849, na hatimaye nchi nzima ikaitwa kwa jina hilo.) Makala haya yanajadili baadhi ya dhana zilizozuka kuhusu Wakanada kwa njia iyo hiyo ya kusikia nusu nusu, na hususan zile zinazohusu lugha.

Dhana ya barafu haihitaji wino mwingi. Ni kweli kwamba majira ya baridi mjini Winnipeg zebaki huweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sufuri. Hata hivyo, mji wa Toronto uko kusini zaidi kuliko Paris na London, na Vancouver hupata mvua nyingi kuliko theluji. Aidha, tarehe 29 Juni 2021, kijiji cha Lytton katika jimbo la British Columbia kilirekodi joto la nyuzi 49.6 za selsiasi. Siku iliyofuata moto ukakiteketeza.

Tuje kwenye usemi. Vichekesho vya Marekani humwonyesha Mkanada akilitamka neno 'about' kana kwamba ndani yake mna irabu /u/ ndefu. Kwa hakika, wengi wa Wakanada hawatamki hivyo. Kinachotokea ni suala la kifonolojia. Irabu unganifu ya neno hilo huanzia kwenye /a/ na kuelekea /u/. Katika Kiingereza cha Kanada, irabu hiyo inapofuatwa na konsonanti sighuna, kama vile /t/ au /s/, ulimi huanzia juu kidogo kuliko kawaida. Inapofuatwa na konsonanti ghuna, kama vile /d/, ulimi hubaki chini. Kwa hiyo irabu ya 'out' si sawa na ile ya 'loud', ingawa tahajia ni moja. Mmarekani asiyekuwa na tofauti hiyo katika usemi wake husikia sauti ngeni, akaikaribisha kwenye /u/ kwa kuwa hana pengine pa kuiweka. Mwanaisimu J. K. Chambers aliifafanua kanuni hii mwaka 1973 na kuiita mwinuko wa Kanada, japo imebainika pia katika sehemu kadhaa za Marekani kwenyewe. Mwanafunzi aliyesoma Sheria ya Dahl katika Kikuyu au Kimeru hatashangaa kuona sauti ikimtazama jirani kabla ya kuamua itamkwe vipi.

Kijineno 'eh', kinachofanyiwa mzaha zaidi ya vyote, nacho hueleweka vibaya. Wengi hukidhania kuwa alama ya swali. Mkanada anayesema kwamba leo kuna baridi, kisha akaongeza 'eh', haulizi habari ya baridi, maana anaihisi mwenyewe. Anamvuta msikilizaji akubaliane naye, jinsi Mswahili anavyomalizia kauli kwa 'au siyo' au 'sivyo'. Wapo Wakanada wasiokitumia kamwe, na New Zealand wapo wanaokitumia kila siku.

Vivyo hivyo kuhusu kuomba radhi. Husemwa kwamba Mkanada akikanyagwa mguu, ndiye anayesema 'sorry'. Wachunguzi wa juujuu huona hapa unyenyekevu uliopita kiasi, kwa sababu wanalifasiri neno hilo kuwa 'samahani' tu. Mzungumzaji wa Kiswahili ana maneno mawili hapa: 'samahani' kwa aliyekosa na 'pole' kwa anayemwonea mwenzake huruma. Katika kinywa cha Mkanada, neno moja hubeba mizigo yote miwili, na aghalabu ule wa 'pole' ndio mzito. Sheria yenyewe imelazimika kulitambua jambo hili: British Columbia mwaka 2006, na Ontario mwaka 2009, zilipitisha sheria kwamba kuomba radhi hakuwezi kuchukuliwa mahakamani kuwa ushahidi wa kukiri kosa.

Dhana nzito kuliko hizi zote ni kwamba kila Mkanada anazungumza Kiingereza na Kifaransa. Chanzo chake ni Sheria ya Lugha Rasmi ya mwaka 1969, iliyozifanya lugha hizo mbili kuwa sawa katika shughuli za serikali kuu. Lakini sheria hiyo huibana serikali. Haimfunzi raia lugha ya pili. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, takriban asilimia 18 tu ya Wakanada waliweza kuzungumza lugha zote mbili. Katika majimbo kumi, ni New Brunswick pekee lenye lugha hizo mbili rasmi kikatiba. Quebec lina Kifaransa peke yake, na sheria yake ya mwaka 1977 imekilinda kazini, shuleni na hata kwenye mabango ya maduka. Mkenya anayeijua Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 anafahamu umbali uliopo kati ya lugha iliyotajwa katika sheria na lugha inayosikika ofisini.

Isitoshe, mjadala wa lugha mbili husahaulisha kwamba nchini humo mna lugha za wenyeji asilia zaidi ya 70, zikiwemo Cree, Ojibwe na Inuktitut. Lugha hizi hazikufifia zenyewe. Kwa zaidi ya karne moja, watoto wapatao 150,000 walipelekwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na serikali pamoja na makanisa, ambako wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao. Msomaji aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani ataielewa habari hii bila mkalimani. Serikali kuu iliomba radhi rasmi mwaka 2008, na sheria ya kuzihifadhi lugha hizo ikapitishwa mwaka 2019.

Mwaka 2021, Mary Simon, Mwinuit aliyezaliwa kaskazini mwa Quebec, aliapishwa kuwa Gavana Mkuu, wa kwanza kutoka miongoni mwa wenyeji asilia. Alizungumza lugha mbili kwa ufasaha: Kiingereza na Inuktitut. Malalamiko zaidi ya 1,000 yakamfikia Kamishna wa Lugha Rasmi, kwa kuwa hakujua Kifaransa. Simon alieleza kwamba shule ya serikali aliyosomea utotoni haikumpa nafasi ya kujifunza Kifaransa.